Bawaba

Mlango wa ofisi ya kata, Vingunguti,
una bawaba mbili, moja imekatika.
Najua, kwa sababu nimeutazama siku kumi na moja
nikiwa kwenye benchi, bahasha ya kaki mapajani,
ndani yake katiba ya kikundi, kurasa nne,
muhtasari wa kikao, picha tano za pasipoti,
na jina tulilogombania usiku kucha:
Cheche.

Kikundi sharti kiwe na watu watano. Basi:
Asteria, aliyesomea uchomeleaji Chang'ombe,
kovu la cheche ya kwanza bado liko shingoni;
Mshamu, ulimi wa dalali;
Ndimbo na Shukuru, wanaosukuma chuma kwa mkokoteni
toka Gerezani mpaka huku,
ili nauli igeuke unga;
na mimi, Zainuni, katibu,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Mkopo wa vijana hauna riba, tangazo lilisema.
Halikusema una miguu.
Njoo kesho, mtendaji yuko kikaoni.
Njoo Jumatatu, mtandao umelala.
Njoo na barua ya mjumbe.
Mjumbe kaenda msibani Kilosa,
kaenda na muhuri mfukoni.

Ukutani mtu kaandika kwa kalamu ya bluu:
subira yavuta heri.
Chini yake mwingine kajibu:
inavuta na kodi ya fremu.

Siku ya kumi Shukuru akapata pikipiki ya mkataba.
Hatukumlaumu. Mama yake ana sukari,
na sukari haingoji muhuri.
Lakini watano tukabaki wanne,
na ile fomu haijui kuhesabu wanne.

Siku ya kumi na moja upepo uliubamiza mlango,
ukaning'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Mtendaji akatoka, miwani juu ya paji la uso:
"Jamani, mtaa mzima huu hauna fundi?"

Nilicheka mpaka bahasha ikaanguka.

Asteria alikuja na mashine ya kukodi,
waya wake umefungwa utepe mweusi mara tatu.
Akapiga magoti. Akashusha kioo usoni.
Kwa dakika nane ofisi nzima ya serikali
ilimgeuzia mgongo na kufumba macho:
mtendaji, karani, bwana afya,
na mzee aliyekuja kushtaki mbuzi wa jirani.

Mshamu akataja bei. Hakushuka hata jero.
Mimi nikaandika risiti, kaboni chini yake,
nikatoa mkobani kitu ambacho sikuwa nimemwonyesha mtu:
kipande cha kandambili, nimekichonga kwa wembe,
CHECHE, herufi kinyumenyume, H ya pili imelewa.
Nikakigandamiza kwenye wino wake,
juu ya meza yake,
nikagonga.

Aliitazama ile karatasi muda mrefu.
"Nani kawapa muhuri?"

Wake hakutugongea siku hiyo.
Alisema watano ni watano, sheria si yake.
Na kweli, si yake.

Tulipotoa kodi ya mashine ikabaki elfu kumi na tano.
Ndimbo akaigawa mafungu matano, hakuuliza mtu.
La tano tukampelekea Shukuru kijiweni,
maana jina lake halijafutwa kwenye katiba.
Alihesabu zile elfu tatu kama vile ni nyingi.
Akazikunja ndogo kabisa.
"Fomu bado mnayo?"
Kisha abiria akamwita, akaondoka bila kusubiri jibu.

Leo nimerudi kwenye benchi.
Bahasha imeota pembe za manyoya kwa kushikwa.
Mlango unafunguka kimya, Asteria alitia na mafuta.
Zamani ulilia, tukajua nani anatoka.
Sasa mtendaji anaweza kupita nisisikie,
kwa hiyo sisinzii.